Picha Moja, Maneno Manne

Waandishi wa majarida madogo wana hirizi zao tatu za kujikinga na kesi za kashfa, yaani za kumharibia mtu sifa. Ya kwanza ni neno "inadaiwa". Ya pili ni alama ya kuuliza mwishoni mwa kichwa cha habari: "Mwenyekiti atafuna fedha za kikundi?" Ya tatu ni kuficha jina: "kigogo mmoja wa Chumbageni, jina tunalo." Nimeziona hirizi hizi miaka mingi, kwanza nikisoma prufu kwenye jarida la udaku Dar es Salaam, na sasa nikipanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Ngamiani, Tanga. Wenye kuzivaa wanaziamini kabisa. Ukiwauliza wamezipata wapi, kila mmoja atakwambia alipewa na mhariri wake, naye mhariri alipewa na aliyemtangulia.

Mahakamani hazikingi kitu. Hilo nilikuwa nikilijua kijuujuu tu, mpaka hivi karibuni lilipokuja jarida la timu ya mtaa na kunilazimisha nilijue vizuri.

Timu yenyewe siitaji, maana ni ya majirani. Kamati yao ilitaka jarida la kurasa 32 kuadhimisha kupanda daraja. Katibu akaniletea kila kitu kwenye flashi: historia ya timu, picha za wachezaji wa zamani pale Mkwakwani, matangazo ya maduka, salamu za wadhamini. Nikaanza kupanga. Ukurasa wa 14 ulikuwa na ripoti ya kamati ya ukaguzi, imeandikwa kwa adabu: mapato ya viingilio ya msimu uliopita hayakuonekana kwenye vitabu, na vitabu vyenyewe vya miezi kadhaa havijulikani vilipo. Hakuna aliyelaumiwa kwa jina. Ukurasa wa 15, unaotazamana nao, ulikuwa wa vituko. Juu kabisa palikuwa na picha ya mweka hazina wa zamani, amesimama mbele ya nyumba mpya kule Pongwe, anacheka. Chini ya picha maneno manne: "Mungu hamtupi mja wake."

Basi. Hakuna neno jingine.

Nilimpigia katibu. Akacheka. "Kaka, hapo tumeandika nini kibaya? Hiyo si dua? Mtu anashtaki kwa kuombewa?"

Nikafunga kompyuta nikaenda Makorora kwa shangazi. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. Majaji wamekuja na kuondoka yeye yupo palepale, anapokea mafaili, anagonga mihuri, anasikiliza. Hana subira hata kidogo na mtu anayeanza sentensi kwa "mimi nadhani sheria inasema". Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha kurasa mbili kwenye simu. Akavaa miwani, akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia, akaguna.

"Huyu wamemwita mwizi," akasema.

"Lakini shangazi, neno mwizi halimo."

"Mwanangu, hakimu hakuulizi uliandika nini peke yake. Anauliza aliyesoma ameondoka na nini kichwani."

Kauli hiyo ndiyo sheria yote kwa ufupi. Urefu wake niliutafuta mwenyewe usiku, maana hukumu nyingi siku hizi ziko mtandaoni, zetu na za wenzetu, bila malipo.

Kwetu, Sheria ya Magazeti ya 1976 ilisema jambo la kashfa ni lile linaloelekea kuharibu sifa ya mtu kwa kumfanya achukiwe, adharauliwe au achekwe, au kumwumiza katika kazi au biashara yake kwa kumharibia sifa. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyochukua nafasi yake, ikarithi maelezo hayo. Lakini maelezo hayo hayakwambii utajuaje kwamba picha fulani na maneno fulani yanamfikisha mtu huko. Hapo majaji wetu huchota kwenye kisima cha Waingereza. Tumezipokea kanuni za mahakama zao kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Zilizoamuliwa baada ya hapo hazimfungi jaji wa Tanzania, ila mawakili huzitaja na majaji huzipima. Ndiyo maana kesi ya jalada la jarida la London inaweza kumhusu mtu wa Pongwe.

Na ipo kesi ya jarida hasa, ya 2008, Jeynes dhidi ya News Magazines. Mwanamke aliyepata umaarufu kupitia televisheni alilalamikia jalada la jarida la wiki liitwalo Love It, lililozungumzia matiti yake ya bandia. Alidai msomaji angeelewa kwamba yeye si mwanamke hasa, bali anawahadaa watu. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa: maana hiyo haitoki mpaka uivute kwa kamba. Mimi kilichonivutia si jalada, ni kwamba Jaji Anthony Clarke alikusanya mahali pamoja kanuni zilizokuwa zimetawanyika kwenye kesi za miaka mingi, na alizisema kwa maneno ambayo hata mpanga kurasa anayaelewa.

Kanuni inayozibeba nyingine ni busara. Mahakama inamuumba msomaji mmoja wa kufikirika, mtu wa kawaida, inamkabidhi jarida, inamwangalia. Mtu huyu si mjinga, lakini pia si mwenye kushuku kila kitu. Anaweza kung'amua lisiloandikwa. Anaruhusiwa kuwa na ulegevu kidogo wa kufikiri, kama tulivyo wengi tukisoma jarida kwenye kiti cha kinyozi. Ila si mtu mwenye njaa ya kashfa, ambaye kila penye maana mbili huichagua ile chafu. Anasoma mara moja, hafanyi uchambuzi wa mshororo kwa mshororo. Na alichokusudia mwandishi hakimhusu kabisa.

Hili la nia ndilo linalowachoma waandishi kuliko yote. Ninawajua wengi ambao utetezi wao wote ni "sikuwa na nia mbaya". Mwaka 1909 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Hulton dhidi ya Jones. Gazeti liliandika kisa cha kuchekesha kuhusu mzee wa kanisa aitwaye Artemus Jones, anayeonekana Ufaransa na mwanamke asiye mkewe. Gazeti lilisema jina limebuniwa tu. Kumbe yupo Artemus Jones wa kweli, wakili, na watu wanaomfahamu wakadhani ndiye. Akalipwa pauni 1,750. Mwaka 1929 gazeti jingine lilichapa picha ya Bwana Cassidy na msichana, likisema wamechumbiana. Picha halali, habari waliipata kwa Cassidy mwenyewe. Tatizo ni kwamba Cassidy alikuwa na mke, na majirani waliomjua mke wakaanza kumwona kama mwanamke aliyekuwa akiishi na mwanamume bila ndoa. Mke hakutajwa popote. Akashinda.

Kwa hiyo hirizi ya tatu, ile ya jina, imekatika hapo. Haijalishi hujamtaja, inatosha wanaomjua wamjue.

Nikamrudia katibu na habari hizi. Safari hii alikuja kiwandani amebeba kamusi. Sitanii. Akaifungua juu ya mashine ya kukatia karatasi akanionyesha maana ya "mja": binadamu, kiumbe wa Mungu. "Onyesha wapi pameandikwa mwizi." Nikamweleza kwamba amerudia kitu ambacho jaji wa Uingereza alikifanya na akasahihishwa. Katika kesi ya Stocker, mke aliyeachana na mumewe aliandika Facebook kwamba mume huyo alijaribu kumkaba shingo. Jaji wa kwanza alifungua kamusi, akaona kwamba neno hilo lina maana mbili, kuua kwa kukaba au kubana shingo kwa nguvu, akaamua kwamba mwanamke alimaanisha jaribio la kuua. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema hapana, huko siko. Mtu anayepitisha macho kwenye Facebook hashiki kamusi. Angeelewa kwamba mume alimkaba, akaishia hapo. Kila mahali pana namna yake ya kusomwa: Facebook yake, gazeti lake, jarida la timu lake.

Katibu akafunga kamusi. Ni mtu mwelewa, tatizo lake ni mahaba na timu.

Hapa ndipo nilipoanza kufikiri kuhusu sisi watu wa Tanga, na kufikiri kwangu kukaachana kidogo na vitabu. Majaji wa London wana hadhari na maana zilizofichika. Mwaka 1963, katika kesi ya Lewis dhidi ya Daily Telegraph, waliamua kwamba magazeti yaliyoandika kuwa polisi wa kitengo cha ulaghai wanachunguza kampuni fulani hayakusema kwamba kampuni ile ina hatia. Msomaji mwenye busara anajua uchunguzi si hukumu. Anaweza kuelewa kwamba kuna shaka, na hilo lenyewe linaweza kumwumiza mtu, lakini hatavuka hadi kwenye hatia. Jaji Reid akaongeza kwamba mtu wa kawaida husoma akiwa na uzoefu wake wa dunia, na huona yasiyoandikwa.

Sasa uzoefu wa dunia wa mtu wa Tanga ni upi? Huyu ni mtu aliyekulia kwenye taarab. Mji huu ndio uliozaa Black Star na Lucky Star. Ametazama ukumbini mwanamke akinyanyuka na noti mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji kwenye beti moja tu aliyoichagua, na wakati anatoa noti anamwangalia mwenzake aliyeketi meza ya tatu. Hakuna jina lililotajwa. Ukumbi mzima umeelewa, na aliyeangaliwa ameelewa kuliko wote. Mtu huyu akinunua kanga husoma maneno kwanza, rangi baadaye, kwa sababu anajua akipita nayo mlangoni kwa nani ataulizwa kulikoni. Msomaji wa namna hii ukimwekea ripoti ya fedha zilizopotea mkono wa kushoto, na mkono wa kulia mweka hazina anacheka mbele ya nyumba mpya, halafu ukamwandikia kwamba Mungu hamtupi mja wake, yeye hakuona dua.

Na kanuni inamtambua msomaji huyu. Katika zile za Jeynes imo kwamba msomaji wa kufikirika huchukuliwa kuwa mfano wa watu wanaosoma chapisho hilohilo linaloshtakiwa. Haitafutwi akili ya profesa wala ya mgeni aliyeshuka stendi leo. Jarida la timu ya mtaa linasomwa na wanachama wa timu ya mtaa. Hao wanajua nani alikuwa mweka hazina, wanajua viingilio vilikusanywa na nani, wengine walikatiwa tiketi na mkono wake. Maneno ambayo kwa mtu wa Mwanza yangepita kama salamu, kwao ni shutuma kamili.

Waingereza wenyewe walishaliona jambo hili kwenye tangazo la chokoleti. Mwaka 1931 iliamuliwa kesi ya Tolley, mcheza gofu maarufu wa ridhaa, yaani asiyelipwa. Kampuni ya chokoleti ilimchora kwenye tangazo, chokoleti imechomoza mfukoni, na vijimashairi chini yake. Tangazo halikumtukana. Lilimsifu hata. Lakini wanaoujua mchezo ule walijua kwamba mchezaji wa ridhaa akipokea fedha za matangazo amejivunjia hadhi, na wangedhani Tolley amelipwa. Mahakama ikakubali kwamba sifa zile zinaweza kuwa kashfa. Tofauti ni kwamba katika hali kama hiyo mlalamikaji hawezi kukaa kimya akamwachia jaji akisie. Lazima aeleze kwenye hati ya madai ni jambo gani lililojulikana nje ya maandishi, na athibitishe kwamba wapo wasomaji waliolijua. Shangazi anasema hapo ndipo kesi nyingi alizoziona zilipofia. Watu hufika na hasira, wakasahau kuandika maneno yenyewe yaliyowaudhi, kama yalivyochapwa.

Nilidhani nimepata dawa: nihamishe picha. Ripoti ibaki ukurasa wa 14, picha iende ukurasa wa 29 katikati ya salamu za wadhamini. Nikampigia shangazi nikiwa nimefurahi.

"Kwani jarida lenu linauzwa ukurasa mmojammoja?" akaniuliza.

Alikuwa sahihi, na kanuni aliyokuwa akiisema ndiyo ninayogombana nayo hadi leo. Chapisho husomwa zima. Sumu na dawa yake hupimwa pamoja. Kesi kubwa yake ni ya 1995, Charleston dhidi ya News Group. Gazeti la News of the World lilichapa nyuso za waigizaji wawili wa mchezo wa televisheni wa Australia, Anne Charleston na Ian Smith, zikiwa zimebandikwa kwenye miili ya watu walio kwenye tendo la aibu, na kichwa cha habari cha kukulazimisha utazame. Lakini maelezo yaliyofuata yalisema wazi kwamba picha zimetengenezwa na watu wa mchezo wa kompyuta, bila ridhaa ya waigizaji, na yaliwalaani waliofanya hivyo. Waigizaji wakasema: maelfu ya watu hutazama picha na kichwa, hawasomi zaidi. Mahakama ikajibu kwamba haiwezi kugawa wasomaji wa gazeti moja mafungu mawili, wanaosoma na wasiosoma. Msomaji wa kufikirika ni mmoja, na yeye husoma habari yote. Waigizaji wakashindwa.

Naielewa hoja. Bila hiyo kila mhariri angeshtakiwa kwa nusu sentensi. Lakini nani kati ya majaji wale amewahi kusimama mbele ya meza ya magazeti pale Barabara ya Kumi na Mbili asubuhi? Watu kumi wamezunguka, mikono nyuma, wanasoma majalada. Muuzaji anawavumilia kwa kuwa mmoja au wawili watanunua. Wanane wanaondoka na kichwa cha habari tu, na ndicho watakachokipeleka kwenye kahawa. Siku hizi afadhali hata hao. Jalada linapigwa picha alfajiri, linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na dawa imebaki ukurasa wa 6 wa jarida ambalo hakuna aliyelinunua. Jarida la udaku nililofanyia kazi lilijengwa juu ya jambo hili hasa. Jalada lilipika, ndani kulipoza. "Msanii akutwa gesti na mke wa mchungaji", ukifungua ndani unakuta ni sehemu ya filamu anayoigiza. Mhariri wetu aliita hiyo ufundi.

Najua kanuni si pana kama wahariri wanavyodhani. Katika kesi hiyohiyo Jaji Nicholls alionya kwamba si kila maelezo ya ndani yataponya kichwa kibaya, na kwamba wanaochapa vichwa vya namna hiyo wanacheza na moto. Dawa iliyojificha mbali, au kwa herufi ndogo, inaweza isihesabiwe. Hata hivyo nadhani majaji wetu, ambao hawafungwi na hukumu ya 1995, wana nafasi ya kumtazama msomaji wa Tanzania anavyosoma kwa kweli, naye kwa kweli husoma jalada.

Kwa katibu wangu, kanuni ya kusoma zima ilifanya kazi kinyume. Kilichowaokoa News of the World kilikuwa kinamzamisha yeye. Kama msomaji anachukuliwa kuwa amelisoma jarida lote, basi kuiweka picha ukurasa wa 29 hakuitenganishi na ripoti ya ukurasa wa 14. Anazo zote mbili kichwani.

Zile hirizi nyingine nizimalize haraka. "Inadaiwa" na "inasemekana" zilishapigwa chini katika kesi ileile ya Lewis, ambapo Jaji Devlin alisema huwezi kukwepa kwa kutanguliza kwamba umeambiwa au kwamba kuna uvumi. Kurudia uvumi ni kuuchapa upya. Alama ya kuuliza nayo haina nguvu yake yenyewe. Inapimwa pamoja na yote yaliyoizunguka, na mara nyingi swali huwa limeshajibiwa na picha.

Utani ni jambo gumu kidogo. Marekani kuna kesi maarufu ya 1988, mhubiri Jerry Falwell dhidi ya jarida la Hustler, jarida ambalo mtu wa heshima haliweki sebuleni. Lilichapa tangazo la kejeli likimsingizia mhubiri mambo na mama yake mzazi. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, lilisema hakuna mwenye akili timamu ambaye angeamini kwamba ni habari ya kweli, hivyo dai la kashfa likaanguka. Na Mahakama ya Juu ikakataa hata fidia ya kuumizwa moyo. Marekani wana katiba yao na ulinzi wao, usiende nayo kortini Tanga ukitegemea itakubeba. Lakini swali la msingi ni lilelile: je, msomaji angeona hapa pana jambo linalosemwa kuwa ni kweli? Katibu alijaribu kuushika upande huu. "Ni ukurasa wa vituko!" Ndiyo, ila ripoti ya ukaguzi si kituko. Nyumba si kituko, ipo, ina bati jekundu, unaipita ukienda Muheza.

Nisiwatishe pia. Si kila kinachomuudhi mtu ni kashfa. Mahakama huuliza kama maneno yanamshusha mtu machoni pa watu wenye fikra sawa katika jamii kwa ujumla. Kipimo hicho Jaji Atkin alikiweka 1936 katika kesi ya Sim dhidi ya Stretch, iliyotokana na telegramu kuhusu mtumishi wa ndani. Mwajiri mmoja alimpelekea mwingine ujumbe: Edith amerudi kufanya kazi kwetu, tuma vitu vyake na fedha ulizomkopa na mshahara wake. Aliyetumiwa akasema ameonyeshwa kama mtu aliyefilisika hadi kukopa kwa msichana wa kazi. Mahakama ikaona kumkopa mtumishi visenti si aibu ya kumshusha mtu. Mwaka uliofuata, kesi ya Byrne dhidi ya Deane ikawa nzuri zaidi. Klabu ya gofu ilikuwa na mashine za kamari zisizo halali, mtu akawatonya polisi, zikaondolewa. Ukabandikwa ukutani ushairi wa kumlaani msaliti, na Byrne akasema unamlenga yeye. Mahakama ya Rufani ikasema: hata kama wanachama wenzako wamekuchukia, kumwambia mtu kwamba ametoa taarifa ya uhalifu kwa polisi si kumkashifu, kwa kuwa watu wenye fikra sawa hawamdharau mtoa taarifa. Nikimfikiria mtu anayeitwa mbea wa polisi huku mtaani kwetu, sina hakika kama angefarijika.

Jambo jingine ambalo wasioingia kortini hawalijui: kusema maneno "yanaweza" kuwa na maana ya kashfa ni hatua moja, na kusema "yana" maana hiyo ni nyingine. Uingereza ya zamani hatua ya kwanza ilikuwa ya jaji, ya pili ya wazee wa mahakama. Sisi hatuna utaratibu huo kwenye madai. Jaji huyohuyo anajiuliza yote mawili, na ndiye anayejivika macho ya msomaji wa kawaida. Hata akikubali kwamba maneno yanakashifu, mchapaji bado ana mlango: athibitishe ni kweli, au ni maoni ya haki juu ya jambo la umma lililo na msingi wa kweli, au yametoka mahali penye kinga ya kisheria, kama bungeni. Tangu 2023 kashfa imeondolewa kwenye makosa ya jinai katika sheria yetu ya habari, baada ya Mahakama ya Afrika Mashariki kusema mwaka 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakinzana na Mkataba wa Jumuiya. Ni nafuu kubwa. Kesi ya fidia haikuguswa.

Nilimwuliza katibu: unaweza kuthibitisha? Akanyamaza kidogo. Wapo wanaosema nyumba ile ilijengwa na binti wa mzee aliyeko Muscat, tofali kwa tofali, kwa miaka. Wapo wanaosema vitabu vya fedha vililowa mafuriko. Mimi sijui, na kamati nayo haijui. Wanayo ripoti inayosema vitabu havionekani, na hiyo nilikubali kuichapa kama ilivyo, kwa kuwa inasema inachokijua na inaishia hapo.

Picha niliitoa. Sikuitoa kwa wema tu. Mchapaji anahesabiwa miongoni mwa walioeneza, pamoja na mwandishi na mhariri, na mashine yenyewe bado tunailipia mkopo. Katibu akanuna, akasema ukurasa wa 15 sasa hauna ladha na kwamba nimkatie bei ya ukurasa mmoja. Bei sikukata. Pale palipokuwa na picha nimempangia ratiba ya mechi za msimu ujao, kwa herufi kubwa, na nafasi ya kuandika matokeo kwa kalamu.